Jinsi ya kukirudisha Kivietinamu cha nyumbani

Mwongozo huu ni wa mtu aliyezaliwa ughaibuni, anayeelewa karibu kila wanachosema wazazi lakini akitaka kujibu anaangukia Kiingereza. Nimeufuata na mke wangu, mzaliwa wa Houston, ambaye wazazi wake walitoka Sài Gòn. Kama hujui hata neno moja, tafuta kwanza kozi ya wanaoanza.

Hatua ya 1: Shika lahaja ya kwenu. Programu nyingi za simu hufundisha matamshi ya Hà Nội, ilhali familia nyingi zilizokimbilia Marekani baada ya vita kuisha 1975 zilitoka kusini. Kaskazini baba ni bố na bakuli ni bát. Kusini ni ba na chén. Kama wazazi ni wa kusini, weka hizo programu kando. Sauti utakayoiga ni ya bibi yako.

Hatua ya 2: Rekodi wazee. Omba ruhusa, kisha muulize mama anavyopika supu yake. Dakika mbili tatu zinatosha.

Hatua ya 3: Andika ulichosikia, silabi kwa silabi. Hapa usiwe na haraka. Weka kibodi ya Kivietinamu, uchague mtindo wa kuchapa uitwao Telex. Ipo VNI inayotumia namba, lakini mimi simshauri mtu. Kwenye Telex toni, yaani mpando na mshuko wa sauti unaobadili maana ya neno, huandikwa kwa herufi: s ni sắc, f huyền, r hỏi, x ngã, j nặng, ya sita, ngang, haina alama. Ukitaka phở unabonyeza phowr: ow hutoa ơ, r huweka hỏi. Kila silabi inakudai uamue toni yake, na aliyezoea kusikiliza tu hajawahi kudaiwa hivyo.

Sasa tahadhari. Kusini hỏi na ngã husikika sawa. Sữa, maziwa, na sửa, kutengeneza, mama mkwe wangu huyatamka bila tofauti yoyote. Usirudie rekodi usiku kucha ukidhani masikio yako ni mabovu: tofauti hiyo haimo kwenye sauti, imo kwenye tahajia tu, hivyo fungua kamusi. Vivyo hivyo mắt, jicho, na mắc, ghali. Kwa maneno ya silabi mbili zinazoanza kwa sauti ileile kuna kanuni inayosaidia sana, ingawa ina vighairi: ngã hufuatana na huyền na nặng, kama sạch sẽ, safi, hỏi hufuatana na sắc na ngang, kama vui vẻ, changamfu. Ukimaliza, mpe mzee asome, asahihishe.

Hatua ya 4: Jifunze kujitaja nje ya nyumba. Kwa wazazi umezoea kujiita con, yaani mtoto. Kwa aliyekuzidi miaka michache wewe ni em, naye ni anh akiwa mwanamume, chị akiwa mwanamke. Nimeona watu wenye msamiati wa kutosha wakinyamaza kwa sababu tu hawajui wajiite nani. Uliza umri mapema. Kwa Wavietinamu si utovu wa adabu. Halafu zoea na binamu kwenye simu, kwa sauti, si kwa ujumbe.

Hatua ya 5: Waombe wazazi wasihamie Kiingereza unapokwama. Wakuachie nafasi ya kutafuta neno, hata chakula kikipoa. Likikukataa kabisa, waulize hivi: "Cái này tiếng Việt kêu là gì?" Yaani, hiki kwa Kivietinamu kinaitwaje? Wakikujibu, litumie neno hilo papo hapo kwenye sentensi uliyoiacha njiani.