Mambo ya kuzingatia kwa michungwa yako kabla masika hayajafika Nairobi

Kazi hii ni ya Februari. Mvua ya masika Nairobi kwa kawaida hushika kati ya katikati na mwisho wa Machi, na ikishashika, huna nafasi tena ya kuzuia kitu. Dawa nyingi za kuvu zinazouzwa kwa ajili ya michungwa, milimau na michenza hukinga tu, hazitibu. Jani likishapata doa, doa hilo halifutiki. Kwa hiyo anayengoja aone ugonjwa ndipo akimbilie agroveti amenunua dawa ya msimu ujao.

Mepesi kwanza. Kata matawi yote yaliyokauka, ukishuka sentimita tano hivi ndani ya mti mbichi, kwa sababu kuvu za magonjwa ya melanozi na chule huishi kwenye mti mfu na kungoja mvua izirushe kwenye matunda machanga. Okota majani na matunda yaliyoanguka, uyachome au uyafukie kina cha nusu mita, wala usiyatie kwenye lundo la mboji. Pogoa matawi ya chini yabaki angalau sentimita 50 juu ya ardhi. Chovya mkasi kwenye Jik, sehemu moja kwa tisa za maji, kila unapohama mti, kisha jioni uuoshe na kuupaka mafuta kwa maana Jik hula chuma.

Pili, jua unachopigana nacho kabla hujatoa pesa. Madoa ya mviringo, katikati ya kahawia au kijivu na pembeni duara la njano, mengine makubwa kufikia sentimita moja, ni baka la kuvu ya Pseudocercospora, ugonjwa uliotambuliwa Angola na Msumbiji mwaka 1952 na ambao hupenda nyanda za juu kama zetu: joto la nyuzi 22 hadi 26 baada ya mvua linautosha. Geuza jani wakati wa unyevu. Ukiona weusi wa vumbi upande wa chini, hizo ndizo mbegu za kuvu. Machungwa, machenza na mabalungi huumia sana, malimau na ndimu kidogo. Vinundu vigumu kama chunjua kwenye majani machanga na ganda la limau ni ukurutu. Masizi meusi yanayofutika kwa kidole hayahitaji dawa ya kuvu hata kidogo: yanaota juu ya umajimaji mtamu wa vidukari, wadudu-gamba na nzi weupe. Osha mti kwa maji ya sabuni na uwazuie sisimizi wanaowalinda wadudu hao.

Kuna jingine ambalo si kuvu kabisa. Majani yenye mabaka ya njano yasiyolingana pande mbili za mshipa wa kati, na matunda madogo yaliyopinda, ni dalili za ugonjwa wa bakteria unaoenezwa na mdudu mdogo mwenye kupenda maeneo ya baridi. Hakuna dawa ya kuvu inayougusa. Watu wamepulizia kopa, yaani dawa ya kuvu yenye shaba, msimu baada ya msimu kwenye miti ya aina hiyo, na mti ukaendelea kufa.

Sasa lile linaloangusha miti mingi mjini hapa, na ambalo watu hulitafuta kwenye majani wakati liko miguuni: kuoza kwa shina na mizizi, kunakosababishwa na kijidudu kiitwacho Phytophthora.

Kisa chake karibu kila mara ni kilekile. Mtu amejenga Syokimau, Kitengela au Embakasi, kwenye udongo mweusi wa mfinyanzi. Amenunua mche mzuri wa kuunganishwa, akachimba shimo la futi mbili, akajaza samadi na udongo laini wa kuletwa, akapanda mche chini kidogo ya usawa wa ardhi ili “maji yakae.” Mwaka wa kwanza na wa pili mti unapendeza. Kumbe lile shimo ni bakuli: pembeni na chini ni mfinyanzi usiopitisha maji, ndani ni udongo laini unaoyafyonza yote. Udongo ule laini unashuka, mti unazama nao, na kiungo, yaani pale mche ulipounganishwa, kinafunikwa. Aliyeona maji yalivyosimama Athi River na Kitengela katika mafuriko ya Aprili na Mei 2024 anaweza kukisia hali ya mizizi iliyokuwa chini yake.

Phytophthora, kusema kweli, si kuvu halisi. Ni jamaa wa mwani. Mbegu zake zina mikia na huogelea majini. Hapo ndipo kiungo kinapokuwa cha maana: sehemu ya juu, mchungwa au mlimau wenyewe, ni laini kwake, na sehemu ya chini huchaguliwa kwa kuwa inastahimili zaidi. Ukifukia kiungo, umelitia shina dhaifu kwenye maji ambamo adui anaogelea. Jeraha la jembe au fyekeo ndilo mlango.

Kisha dalili hudanganya. Gundi ya rangi ya kaharabu hutoka kwenye gome, lakini gundi hiyo huyeyuka majini, kwa hiyo wakati wa mvua kubwa huioni. Ndiyo sababu ukaguzi ni wa Februari, wakati wa ukavu. Baadaye mishipa ya majani inageuka njano, mara nyingi upande mmoja wa mti. Mti unaweza kutoa maua mengi na matunda madogo kuliko kawaida, mwenyewe akafurahi, kumbe gome limekwisha kukatika na chakula hakishuki kwenye mizizi. Anaongeza samadi shinani na maji kila jioni. Matawi yanaanza kukauka kutoka nchani.

Basi fanya hivi sasa. Fukua udongo kuzunguka shina kwa mikono au kibanzi, si kwa jembe, mpaka uone mizizi mikubwa inapoanzia. Kiungo lazima kiwe juu ya ardhi, sentimita 20 au zaidi. Kwangua gome kidogo kwa kisu: likiwa zima, chini yake ni krimu au kijani hafifu, likiwa limeoza ni la kahawia na lina unyevu. Ondoa lote lililooza pamoja na sentimita moja au mbili za gome zima pembeni, acha kidonda kikauke siku kadhaa, kisha kipake uji wa mrututu, ile chumvi ya bluu ya shaba. Kidonda kikiwa kimezunguka zaidi ya nusu ya shina, usijipe kazi. Ng’oa mti, uchome, na usipande jamii ya machungwa kwenye shimo lilelile.

Uji huo ni gramu 100 za mrututu, gramu 100 za chokaa na lita moja ya maji. Wa kupulizia, kwa pampu ya lita 20, ni gramu 200 kwa gramu 200. Yeyusha mrututu kwenye lita 10, koroga chokaa kwenye lita 10 nyingine, vyote kwenye ndoo za plastiki, maana mrututu hula chuma. Mimina maji ya mrututu ndani ya maji ya chokaa polepole huku ukikoroga. Chovya msumari safi kwa dakika moja. Ukitoka na rangi nyekundu ya shaba, chokaa haitoshi na dawa itaunguza majani. Ongeza chokaa, pima tena, chuja, tumia siku hiyo hiyo. Na chokaa iwe ile nyeupe laini ya wajenzi. Ile ya kupunguza asidi shambani haifanyi kazi hii.

Ukinunua kopa oksikloridi iliyo tayari, fuata kipimo cha kibandiko. Anza machipukizi yanapotoka, rudia maua yanapomaliza kudondoka, kisha kila wiki mbili au tatu mvua ikiendelea. Usipulizie maua yakiwa wazi, nyuki wapo. Lenga upande wa chini wa majani hadi yaanze kudondosha. Kwa Phytophthora ya mizizini kopa haifiki. Kuna metalaksili ya kumwagia udongoni, ambayo hupanda na maji, na fosetili-alumini ya kupulizia majani, ambayo hushuka hadi mizizini. Hii ya pili usiichanganye na kopa kwenye pampu moja, utaunguza mti.

Anayepanda upya apime shimo kwanza: chimba sentimita 60, jaza maji, yakiisha jaza tena. Yakibaki baada ya saa 24, panda juu ya tuta la nusu mita kwenda juu na mita mbili upana. Kwenye udongo mwekundu wa Kiambu na Kikuyu mara nyingi tuta halihitajiki. Vuta mche kidogo kwenye kitalu uangalie mizizi. Ikiwa ngozi yake inateleza na kubaki uzi katikati, uache hapo hapo hata muuzaji akipunguza bei.

Matandazo na samadi viwe sentimita 30 kutoka shinani. Usipande sukuma wala nyanya chini ya mti: jembe litakata mizizi, maji ya kila siku yatalowesha shina, na nyanya hushikwa na Phytophthora hiyo hiyo. Vaa glavu na miwani unapochanganya. Usinunue dawa iliyopimwa kwenye karatasi bila kibandiko, na usiihifadhi kwenye chupa ya soda. Angalia siku za kungoja kabla ya kuchuma, watoto hawaulizi kabla ya kula chungwa. Mabaki ya pampu yasimwagwe mtaroni, kopa huua samaki.