Paka akipaliwa: mafuta, dawa ya maji na salfa

Paka wengi hupaliwa mikononi mwetu, tunapowanywesha kwa nguvu. Kibaya zaidi ni mafuta. Mtu akihisi paka wake kala sumu ya panya, humwinua kichwa na kummiminia mafuta ya nazi. Mafuta hayachokozi koo, hivyo paka anaweza asikohoe huku yanateremka mapafuni, na mapafu hayana njia rahisi ya kuyaondoa. Mapafu huvimba. Usimpe mafuta wala maziwa. Mkimbize kwa daktari wa mifugo, na pakiti ya sumu uibebe.

Dawa ya maji mpe kwa bomba dogo la sindano, sindano yenyewe ukiwa umeitoa. Mviringishie kanga, akae kwa tumbo, kichwa kikiwa usawa. Ukikivuta juu, dawa inakimbilia kooni kabla hajajiandaa kumeza. Ingiza ncha pembeni mwa mdomo, nyuma ya chonge, ielekee shavu la pili. Sukuma nusu mililita, subiri ameze, ndipo uongeze. Akikohoa, acha hapohapo na umwachie ainamishe kichwa.

Kitoto cha paka kisinyweshwe chali kama mtoto wa mtu. Kilale kifudifudi, vile kinavyonyonya kwa mama yake. Ukiinamisha chupa, maziwa yadondoke tone kwa tone. Yakichuruzika, tundu la chuchu ni kubwa mno. Maziwa yakitokea puani, ameshapaliwa.

Msimu wa kupuliza salfa, dawa ya unga ya kuzuia ukungu, kwenye mikorosho, iwe Newala, Tandahimba au Nachingwea, mfungie ndani hadi vumbi litulie. Akirudi nalo manyoyani, mfute kwa kitambaa kilicholowa kabla hajajilamba.

Akishapaliwa, hesabu pumzi zake akiwa amelala: mbavu kupanda na kushuka ni pumzi moja. Hesabu kwa sekunde 30, zidisha kwa 2. Kawaida ni 15 hadi 30 kwa dakika. Zikibaki juu ya 40, au akihema mdomo wazi, au fizi zikiwa za buluu, ni dharura ya saa hiyohiyo. Hata akionekana mzima, endelea kuhesabu kwa siku tatu, maana homa ya mapafu huweza kuchelewa kujionyesha. Usimpe panadol kabisa, inaua paka. Ukiwa kijijini mbali na daktari, mpigie afisa mifugo wa kata, kisha msafirishe kivulini, ndani ya tenga linalopitisha hewa, bila kumbana kifua.