Korodani Isiyoshuka: Namna ya Kuhakikisha Mtoto Hacheleweshwi Kufanyiwa Upasuaji

Mtoto wa kiume anapozaliwa huku korodani moja au zote mbili hazijashuka kwenye mfuko wake, wazazi huambiwa wasubiri, na ushauri huo ni sahihi kwa miezi sita ya kwanza tu. Hali hii huwapata takriban watoto 3 katika kila wavulana 100 waliozaliwa kwa wakati, na njiti wengi zaidi. Nyingi hushuka zenyewe katika miezi hiyo, lakini baadaye ni nadra sana. Kwa njiti, hesabu miezi kuanzia tarehe aliyotarajiwa kuzaliwa. Iwapo korodani zote mbili hazipapasiki kwa mtoto mchanga, mpelekeni hospitali mara moja, kwani huenda kuna tatizo la homoni linalohatarisha maisha yake.

Mkague akiwa ametoka kuoga maji ya uvuguvugu na mikono yako ina joto, kwa sababu baridi na woga huvuta korodani juu. Kliniki ikiwa na foleni ndefu, ni rahisi mtoto akapimwa uzito na kuchanjwa bila mtu kumvua nepi. Mwombe muuguzi amkague na aandike alichokiona kwenye kadi.

Akitimiza miezi sita bila mabadiliko, omba rufaa kwa daktari wa upasuaji wa watoto au wa njia ya mkojo. Hapa ndipo muda mwingi hupotea. Ukiambiwa umrudishe akikua, au usubiri siku ya tohara, uliza kwa heshima sababu ya kitabibu ni ipi, kwa kuwa mwongozo wa madaktari wa njia ya mkojo wa Marekani wa mwaka 2014 unataka upasuaji ufanyike kabla ya miezi 18. Mwongozo huo haupendekezi sindano za homoni, wala hautaki picha ya ultrasaundi iwe sharti la rufaa, kwa hiyo kukosa fedha za kipimo hicho kusikuzuie.

Korodani huhitaji ubaridi wa nyuzi 2 hadi 4 chini ya joto la mwili, na ikikaa kinenani au tumboni, chembe zinazozalisha mbegu hupungua. Utafiti wa Sweden uliochapishwa mwaka 2007 ulionyesha kwamba waliopasuliwa baada ya miaka 13 walikuwa na hatari ya saratani ya korodani zaidi ya mara 5 ya watu wengine, na waliopasuliwa mapema takriban mara 2. Kwa hiyo hata aliyechelewa apelekwe sasa.

Mkipangiwa tarehe, ombeni iandikwe, na toeni taarifa mapema mtoto akipata homa au kikohozi, maana upasuaji unaweza kuahirishwa. Uvimbe wa ghafla kinenani wenye maumivu na kutapika haungoji tarehe: ni dharura ya siku hiyo hiyo. Nanyi wenye mtoto ambaye korodani zake zilishuka zamani, endeleeni kumkagua kila mwaka, kwani wakati mwingine hupanda tena anapokua.