Mlango wa slaidi unaopitisha upepo, vumbi na maji: namna ya kubadilisha brashi na raba zake

Mlango wa aluminiamu wa kuslaidi, ule wa kutoka sebuleni kwenda barazani, hauharibiki kwa kishindo. Huanza kwa pazia kutikisika ilhali mlango umefungwa. Baadaye vumbi laini linajipanga kwenye reli ya ndani, mbu wanapata njia, kiyoyozi kinanguruma mchana kutwa na chumba hakipoi. Mwisho mvua ya masika inapiga pamoja na upepo, na asubuhi unakuta dimbwi kwenye vigae. Mara nyingi dawa yake ni brashi mpya (ukanda wa nyuzi fupi kwenye kingo za mlango) na raba mpya za kushika kioo, kazi ya nusu siku kwa watu wawili. Ila mlango ukiwa umekaa vibaya kwenye reli, raba mpya haitaziba kitu, na itachakaa upesi kuliko ile ya kwanza. Kwa hiyo usianzie dukani.

Tafuta penye upenyo

Subiri usiku. Zima taa za ndani, mtu mmoja akae nje na tochi kali, aipitishe taratibu kwenye kingo zote za mlango. Wewe uliye ndani, kila unapoona mstari wa mwanga bandika kipande cha selotepu ya karatasi. Siku yenye upepo rudia kwa kijiti cha udi, pazia likiwa limeondolewa: moshi ukipinda ghafla, hapo ndipo. Vipimo vyote viwili vinahitajika, kwa sababu brashi iliyolala inaweza kuficha mwanga huku hewa ikipita bila shida.

Usisahau katikati, pale bawa moja, yaani kipande kimoja cha mlango chenye kioo chake, linapopishana na jingine. Brashi za hapo husimama wima, na juu na chini zinapokoma hubaki kitundu cha pembeni ambacho kiwandani huzibwa kwa kipande kidogo cha plastiki au sponji. Kipande hicho kikidondoka hakuna anayegundua. Milango mingi inayosemwa kuwa "raba zimeisha" inavuja kwenye vitundu hivyo viwili tu.

Angalia namna mlango ulivyokaa

Sukuma bawa mpaka libaki mwanya wa sentimita 1 kati yake na fremu ya ubavuni. Tazama mwanya huo kutoka juu hadi chini. Ukiwa mpana juu na mwembamba chini, au kinyume chake, bawa limelala upande. Sababu kubwa ni magurudumu yaliyo chini ya bawa, ambayo kwa nyumba za pwani huliwa na chumvi ya bahari na mchanga. Gurudumu likilika, bawa linashuka milimita kadhaa: brashi ya juu inaacha kugusa, ya chini inasagwa kwenye reli. Mwenye nyumba anabadilisha brashi, na baada ya miezi michache amerudi palepale.

Kila gurudumu lina skrubu ya kulipandisha na kulishusha, kwenye ukingo wa bawa karibu na sakafu, mara nyingi imefichwa na kifuniko kidogo cha plastiki. Mwenzako ainue bawa kidogo kwa ubao ili kupunguza uzito, nawe zungusha nusu mzunguko, uangalie limekwenda upande gani, kisha uendelee. Ukilazimisha skrubu huku uzito wote umeikalia, utaharibu kichwa chake. Gurudumu lililopasuka, lenye ubapa au linalogoma kuzunguka halirekebishiki. Nunua jozi mpya. Uzibaji uje baada ya hapo.

Brashi ipi, raba ipi

Ukanda wenye nyuzi fupi ndio brashi, na kazi yake ni sehemu zinazoteleza. Una mgongo mgumu unaoingia kwenye mfereji wa aluminiamu. Vipimo ni viwili: upana wa mgongo, ambao kwa kawaida ni karibu milimita 5 au karibu milimita 7, na urefu wa nyuzi, kuanzia milimita 5 hadi 10 na zaidi. Mgongo mwembamba kuliko mfereji utachomoka wenyewe. Mpana hautaingia hata ukiugonga.

Urefu wa nyuzi ndipo watu wanapokosea. Ukipeleka kipande cha zamani dukani, muuzaji atapima nyuzi zilizokwisha kulala na kukupa fupi. Kipande hicho kitumie kwa ajili ya mgongo tu. Nyuzi zipimie mwanya: kanda unga wa ngano uwe mgumu kama wa chapati, uufunge kwa karatasi ya nailoni, uubandike mahali brashi inapokaa, funga mlango, fungua, kisha pima unene uliobaki kwa rula. Ongeza milimita 1 hadi 2, basi. Ukiongeza 4 ili "izibe vizuri" utakuwa na mlango unaovutwa kwa mikono miwili, na magurudumu ndiyo yatakayolipa.

Kuna brashi yenye utando mwembamba wa plastiki katikati ya nyuzi. Bei yake iko juu kidogo, lakini upepo na maji huzuiwa na utando huo zaidi kuliko na nyuzi zenyewe. Kwa mlango unaotazama kusini kwenye nyumba ya pwani, ambako kusi huvuma kwa miezi mingi, chukua hiyo.

Raba ni ile inayoshika kioo ndani ya bawa. Kuna ya kabari, inayosukumwa kati ya kioo na aluminiamu kwa kila upande, na kuna ya umbo la U inayovishwa kioo chote kabla ya bawa kufungwa. Ya kabari unaweza kuibadilisha mwenyewe. Ya U humlazimu mtu kuligawa bawa vipande vinne, na hiyo mwachie fundi wa aluminiamu. Ukiwa na hiari ya kuchagua, omba raba ya EPDM, inastahimili jua. Raba za PVC za bei rahisi hupoteza ulaini wake kwa joto, zikanywea na kuwa ngumu kama ganda, ndiyo maana kwenye kona za kioo unaona raba imejivuta na kuacha pengo.

Kiasi cha kununua

Chukua mlango wa mabawa mawili, upana mita 1.8 na urefu mita 2.1. Kila bawa lina takriban mita 0.92 kwa 2.05. Juu na chini brashi huwa mistari miwili, mmoja ndani na mmoja nje: hiyo ni mita 3.7 kwa bawa, 7.4 kwa yote mawili. Ubavuni kwenye fremu mistari miwili kwa kila bawa, jumla 8.2. Katikati, mstari mmoja kwa kila bawa, 4.1. Inakuja karibu mita 20, nunua 22. Mifereji hutofautiana kutoka profaili moja (umbo la kipande cha aluminiamu) hadi nyingine, kwa hiyo hesabu ya kwako kabla ya kutoka nyumbani. Kwa raba ya kabari, kioo cha mita 0.80 kwa 1.93 kina mzunguko wa mita 5.5, na pande mbili ni 11 kwa bawa moja.

Kulitoa bawa

Kioo kina uzito wa kilo 2.5 kwa kila mita ya mraba kwa kila milimita ya unene. Kioo cha milimita 6 cha vipimo hivyo ni kilo 23 kabla hujahesabu aluminiamu. Watu wawili, glavu, viatu vilivyofunika vidole, watoto wakae chumba kingine. Siku ya upepo mkali ahirisha.

Shusha magurudumu mpaka mwisho. Chungulia reli ya juu: kama kuna vipande vya plastiki vya kuzuia wezi wasiling'oe bawa, fungua skrubu zake na uvitunze, vitarudi. Bawa la ndani ndilo linalotoka kwanza. Linyanyueni liingie ndani zaidi ya reli ya juu, vuteni sehemu ya chini kuelekea kwenu, kisha lishusheni. Lilazeni juu ya blanketi au meza mbili zenye urefu sawa, au liegemezeni ukutani chini pakiwa na mbao, kamwe lisisimame juu ya kigae kitupu kwa kona yake.

Kuingiza brashi

Kwenye ncha za mfereji utakuta fundi alibinya kingo ili brashi isitembee. Zipanue kwa bisibisi bapa. Shika ncha ya brashi kwa plaizi ya mdomo mrefu, uivute polepole. Ikikatikia ndani, sukuma mabaki kwa kipande cha waya mgumu. Safisha mfereji kwa mswaki wa zamani na maji ya sabuni, uache ukauke. Chumvi na mchanga vikibaki, brashi mpya itakwama katikati, na ukiilazimisha mgongo utakunjika.

Ingiza mpya kwa kuisukuma kidogo kidogo, sentimita 5 kwa 5. Ukiivuta itarefuka, kisha itarudi na kukuachia pengo kwenye ncha. Isipoteleza, puliza silikoni ya spirei kwenye mfereji. Grisi na mafuta ya injini yakae mbali, maana yatashika vumbi na brashi itageuka kuwa msasa juu ya aluminiamu. Kata sawasawa na mwisho wa mfereji, kisha binya kingo tena. Kabla ya kurudisha mabawa, weka vile vizibo vya juu na chini pale yanapopishana. Kama havipatikani, kipande cha brashi ndefu kilichogundishwa kinafaa.

Raba ya kioo

Fanya upande mmoja wa kioo kwa wakati mmoja, mwingine ubaki umekishika. Ng'oa raba kwa bisibisi ya plastiki au kijiti cha mwiko. Chuma kikigusa ukingo wa kioo kinaweza kuupasua. Futa kwa spiriti, siyo thina, kwa kuwa thina hula rangi ya aluminiamu na kulainisha raba.

Kata raba ndefu kuliko ukingo kwa asilimia 2 hadi 3, yaani sentimita 4 hadi 6 kwa upande wa mita 2. Paka maji ya sabuni. Bana kona zote mbili kwanza, halafu katikati, kisha sukuma sehemu zilizobaki kwa kidole gumba ukizibana zijae. Ziada hiyo itaingia, na ndiyo itakayoizuia raba isijivute ikinywea. Ukilazimika kuunga vipande vya raba, maungio yawe upande wa juu, kamwe yasiwe chini ambako maji hukaa.

Matundu ya chini na silikoni

Reli ya chini ina matundu madogo upande wa nje. Yapo ili maji yanayoingia kwenye reli yatoke. Kuna watu huyaziba kwa silikoni wakidhani ndipo maji yanapoingilia. Matokeo yake reli inajaa kama mfereji ulioziba na maji yanamwagikia sebuleni. Yazibue kwa waya, kisha mimina lita 1 ya maji kwenye reli. Yakisimama bila kuondoka, bado kuna uchafu, na hakuna brashi itakayokuokoa.

Silikoni ni ya kuziba kati ya fremu na ukuta, upande wa nje. Kwangua ile ya zamani yote, kwa sababu mpya haishiki juu yake. Nunua isiyo na asidi. Ile inayonuka kama siki inaweza kula aluminiamu na haishiki vizuri kwenye saruji. Iache saa 24 bila kuimwagia maji.

Mabawa yakisharudi, pandisha magurudumu upya, rudisha vizuizi vya wezi, na upite tena na udi. Mlango utakuwa mzito kidogo kwa siku chache mpaka nyuzi zizoee. Ukiendelea kuwa mzito baada ya wiki mbili, nyuzi ni ndefu mno: punguza kwanza mstari wa chini wa ndani kwa brashi fupi zaidi, kwa kuwa ndio unaobeba msuguano mwingi na kuzuia upepo kidogo.