Una Mbwa? Namna ya Kuishi Juu Kibosho, Msitu Ukiwa Uani

Watu wakipandisha huku Jumamosi huipenda nyumba ya mbao, hupiga picha na ukungu, kisha huuliza kama kiwanja kinapatikana. Mimi huwauliza swali moja tu: una mbwa? Akisema ndiyo, na kuku je, na paka je, basi namkaribisha chai tukae, maana kiwanja ndilo jambo dogo.

Nyumba yangu iko Kibosho, kwenye mteremko wa kusini wa Mlima Kilimanjaro, juu ya kijiji cha Umbwe, karibu mita 1,700 kutoka usawa wa bahari, pale vihamba, yaani mashamba ya migomba na kahawa yanayozunguka nyumba, vinapoishia. Juu yangu kuna ukanda wa msitu tunaouita nusu maili, uliotengwa mwaka 1941 ili wanakijiji wapate kuni na majani. Juu ya ukanda huo ni hifadhi. Mwaka 2005 Hifadhi ya Taifa ya Kilimanjaro ilipanuliwa ikauchukua na msitu wa asili, kwa hiyo mnyama anayeshuka usiku kuja kunusa jikoni kwako ana sheria nyuma yake. Huwezi kumtega wala kumpiga mshale ukajisifu. Kazi yako ni kumnyima sababu ya kuja, na kazi hiyo karibu yote hufanyika jioni.

Jua huku huzama kati ya saa kumi na mbili na dakika ishirini na saa moja kasoro, kutegemea mwezi, na baada ya hapo giza halikupi hata nusu saa. Mimi huanza saa kumi na moja na nusu. Kuku kwanza, kisha paka, kisha taka, mbwa mwisho kwa sababu wananisindikiza kwenye hayo mengine.

Tuanze na banda la kuku, maana ndiko wageni wengi wanakopoteza fedha. Wavu mwembamba wa kuku, ule wa matundu ya pembe sita, unazuia kuku kutoka. Hauzuii mnyama kuingia. Kanu, mnyama wa usiku mwenye umbo kama la paka, ni mwembamba kuliko unavyomdhania ukiona manyoya yake, na nyegere akiamua, anauchana wavu ule kwa kucha. Nunua wavu wa chuma wa kuchomelea, matundu ya nusu inchi, upigilie kwa ndani na kwa nje ya nguzo. Banda liinuliwe juu ya miguu, mita moja hivi kutoka ardhini, sakafu iwe ya mbao zilizoachiana nafasi ndogo ili mavi yadondoke chini uyazoe kwa ajili ya migomba. Kama unalijenga chini, basi wavu uzikwe futi moja ardhini na upinde kuelekea nje, maana anayechimba huanzia ukutani.

Jifunze kusoma alama. Ukikuta mayai yamekwisha mchana na hakuna unyoya, huyo ni nguchiro, au kunguru, au mtoto wa jirani. Kuku mmoja ameng'atwa shingo na kichwa kimeliwa, mshuku kanu. Mbao zimeng'olewa na kuku wengi wamelala chini bila kuliwa, nyegere amepita. Huyo huja mara chache, lakini akija hasahauliki. Vifaranga mchana wafunike kwa tenga, kwa sababu mwewe hasubiri jioni.

Sasa komeo. Hapa nina msimamo ambao mafundi hawaupendi. Komeo la banda lazima limshinde kanu na tumbili, lakini mimi niweze kulifungua kwa mkono mmoja, gizani, mvua ikinyesha. Fundi atakuletea kufuli. Kataa. Weka komeo la kusukuma na msumari mnene uliofungwa kwa kamba, unaopita kwenye tundu. Sababu ni siafu.

Mvua zikianza, za vuli au za masika, siafu huhama, na usiku mmoja njia yao itapita kwako. Kanu akiingia bandani, kuku hupiga kelele ghafla. Siafu ni tofauti: unasikia miguu. Kuku wanakanyagakanyaga mbao, wanapiga mbawa kidogo, wananyamaza, wanakanyaga tena. Ukisikia hivyo usivae hata kandambili. Vaa mabuti, ingiza suruali ndani ya soksi, chukua tochi, fungua mlango wa banda wote na uwaache kuku watoke wenyewe. Anayelalia mayai hatatoka, mbebe. Vifaranga watie kwenye ndoo. Siafu huua kilichofungwa na kisichoweza kukimbia: kuku bandani, sungura kwenye kizimba, mbwa mchanga kwenye boksi, mbuzi kwenye kamba. Kilicho huru hujiondokea chenyewe.

Kinga yake ni rahisi. Miguu ya banda isimame ndani ya makopo yenye oili chafu ya gari, na makopo yafunikwe kwa bati dogo ili mvua isiyajaze. Majivu ya moto yaliyomwagwa kwa mstari mpana hugeuza safu yao. Wakiingia nyumbani kwenyewe, ushauri wangu ni uwapishe. Toa wanyama, toa nyama, nenda kwa jirani ukanywe chai. Ukirudi hutakuta mende, na panya watakuwa wamehama. Ukishang'atwa, mng'oe mmojammoja kwa kucha, maana ukimvuta haraka kiwiliwili kinatoka na meno yanabaki.

Mbwa. Chui yupo msituni. Utaishi naye jirani muda mrefu usimwone, na mbwa ni chakula anachokipenda. Wengi hufunga mbwa kwa mnyororo uani usiku "alinde". Mbwa aliyefungwa mnyororo pembeni mwa msitu ameandaliwa mezani. Wangu wawili hulala barazani, nimezungushia nondo kutoka sakafuni hadi darini, na mlango wa ndani wa jikoni uko wazi. Wanabweka vilevile, na wezi wanasikia vilevile. Saa mbili usiku nawatoa mara ya mwisho wakajisaidie, kwa kamba, na tochi mkononi, pale mbele ya ngazi tu.

Mchana nao wasiingie msituni peke yao. Kuna mitego ya waya inayotegewa paa na minde, na waya hauulizi aliyeingia ni nani. Minde ni paa wa msituni anayepatikana Tanzania pekee, kwa hiyo hata mbwa wako mwenyewe hutaki amkimbize. Halafu kuna magonjwa. Mwaka 1994 distempa, ugonjwa wa mbwa, iliua karibu theluthi moja ya simba wa Serengeti. Mbwa asiyechanjwa kando ya hifadhi si shida yako peke yako.

Chanjo ya kichaa cha mbwa ianze akiwa na miezi mitatu, kisha kila mwaka, na paka naye achanjwe; watu humsahau paka. Afisa mifugo wa kata atakwambia kampeni ya chanjo inapita lini. Mtu aking'atwa, hata na mbwa wa nyumbani, osha kidonda kwa sabuni na maji yanayotiririka dakika 15 kamili ukitazama saa, si kwa kukadiria. Usipake pilipili, usipake mafuta, usifunge kidonda. Siku hiyohiyo shuka mjini. Hospitali za Mawenzi na KCMC ziko Moshi, ila piga simu kwanza uulize kama chanjo ipo, usije ukapoteza nusu siku kwenye foleni isiyo yako. Dalili zikishaanza hakuna dawa.

Kupe wamejaa kwenye majani ya malisho. Kila jioni, wakati mbwa wanasubiri ugali wa dona na dagaa, pitisha vidole ndani ya masikio, katikati ya vidole vya miguu na chini ya mkia. Mbwa aliyeacha kula, ana homa na fizi zimepauka, usimpe mitishamba ukasubiri. Mpeleke kwa daktari wa mifugo. Na hili nalisema kwa herufi kubwa moyoni: dawa ya kupe ya mbwa isimguse paka. Nyingi zina permethrini, ambayo mbwa huivumilia na paka humuua. Soma kopo. Ukimwogesha mbwa, paka akae chumba kingine mpaka mbwa akauke. Panadol nayo, kidonge kimoja chatosha kumuua paka, hata kama ulimpa kwa huruma.

Paka wangu hulala ndani. Kuna wanaosema paka lazima azurure ashike panya. Panya wa ndani wanamtosha. Nje kuna tai, kuna chui, na kuna ndege wadogo ambao sioni sababu waliwe na paka aliyeshiba.

Kima na mbega wasikuchanganye. Mbega ni yule mweusi mwenye joho jeupe na mkia wa singa nyeupe. Anakula majani, anakaa juu, hana shida na wewe. Kima ni wa kijivu cheusi, na ndiye anayejua ndizi zako zimewekwa wapi. Madirisha ya jikoni yawe na wavu wa chuma. Wa plastiki ataung'ata. Mkungu utundikwe ndani. Usimpe ganda hata moja, na mwambie mgeni wako kutoka mjini vivyo hivyo, hata kama kitoto cha kima kinamtazama kwa macho yale. Kima aliyelishwa mara moja atarudi na ukoo, na mwisho wake atakuja kuuma mtu. Maganda na mabaki yote yaende kwenye shimo la mboji lenye mfuniko mzito wa mbao na jiwe juu. Msimu wa parachichi okota yaliyodondoka kila jioni, la sivyo nungunungu na nguruwe pori watakuja kuyaokota, na wakishamaliza parachichi wanaingia kwenye magimbi.

Usiku wa kwanza utasikia perere. Sauti inaanza kama bawaba kavu ya mlango, inapanda taratibu, inaishia kwenye kilio ambacho mjomba wangu wa Dar alikisikia akaamka kutafuta panga. Ni mnyama mdogo tu, juu ya mti, ukubwa wa sungura. Mbwa wapya humbwekea mpaka asubuhi, usiwafokee, watazoea.

Mengine ya nyumba nayapita haraka. Maji huku huchemka kwenye nyuzi 94 hivi, kwa hiyo maharage yaloweke tangu jana yake au utamaliza kuni. Kuni zipangwe mbali na ukuta, juu ya mawe, zisiwe nyumba ya nyoka. Juni hadi Agosti wingu linakaa siku nzima na sola inachoka, usitegemee taa ya nje. Baridi ya miezi hiyo ndiyo inayowafanya watu waingize jiko la mkaa chumbani na kufunga madirisha. Hewa yake haina harufu na inaua watu na wanyama usingizini. Jiko libaki nje, ongeza blanketi.

Mnyama akikuharibia, usisafishe kwanza. Piga picha za nyayo, wavu na mzoga, mwite mwenyekiti wa kitongoji aone, kisha taarifa iende kwa afisa wanyamapori wa halmashauri. Serikali ina utaratibu wa kifuta jasho kwa mazao na mifugo, na kifuta machozi kwa mtu aliyejeruhiwa au kufariki. Si fidia, na haiji kesho. Lakini bila taarifa ya mapema hakuna hata pa kuanzia.

Ukitaka kushuka mjini kwa siku kadhaa, usimwachie ufunguo mtu wa kuja asubuhi kulisha na kuondoka. Asubuhi huku mtu yeyote anaiweza. Tafuta kijana wa kulala pale, mlipe kwa usiku, mwoneshe komeo la banda akiwa amefumba macho mpaka alifungue bila kupapasa, na umwachie betri za tochi za ziada juu ya kabati, si kwenye droo.