Chambo cha mgono wa kamba wa mtoni: uweke nini na kwa nini

Hapa Malindi ukitaja kamba kila mtu anafikiria wa baharini, wale wa ghuba ya Ungwana, lakini mto Sabaki nao una kamba wake, wa maji baridi, wengine mikono imewazidi mwili kwa urefu, na hao wanaingia kwenye mgono, ule mtego wa kusuka, vizuri tu ukiwapa wanachokitaka. Shida watu wanatia chochote kilichobaki jikoni halafu asubuhi wakikuta mtego mtupu wanasema mto umeisha.

Kwanza ujue kamba anakula vipi, manake hapo ndo kila kitu kinatoka. Huyu ni mtu wa usiku, mchana kajificha kwenye mizizi na chini ya mawe, na maji ya Sabaki nayo unayajua, udongo mtupu, ukitia mkono huuoni, kwa hivyo macho hayamsaidii kitu. Anafuata harufu kwa yale masharubu yake, na harufu inakuja na mkondo, basi yeye anapanda kutoka chini kuelekea chambo, ndo maana mdomo wa mgono lazima uangalie kule maji yanakokwenda. Ukiuweka kinyume atafika mgongoni mwa mtego azungukezunguke weee mpaka kuche. Na akiingia hamezi kama samaki. Ile mikono mikubwa ni ya kupigana na kushikia, ya kulia ni mingine, iko mbele yake, miembamba kama njiti na ina vikoleo vidogo mwishoni, anadonoa, anapeleka mdomoni, anadonoa tena, mtie kwenye beseni na kipande cha chakula utamwona mwenyewe. Kwa hivyo chambo kizuri ni kile kinachodonoka lakini hakimumunyuki, na kina mafuta yanayotoka polepole usiku kucha. Kunuka sana peke yake hakutoshi, vitu vingi vinavyonuka sana saa mbili usiku saa nane vimeshakwisha.

Mimi kura yangu ni nazi ya kuchoma, na hapa pwani hatuna sababu ya kuikosa. Chukua nazi iliyokomaa, si dafu, dafu ni maji tu. Ivunje, toa nyama vipande vya kama vidole viwili, uweke juu ya makaa mpaka kingo zigeuke kahawia na uone mafuta yanachemka juu, hapo itoe, usiingoje iwe mkaa. Ile harufu unayoisikia wewe jikoni ndo itakayokwenda mtoni, na nyama yake ngumu kamba atadonoa mpaka asubuhi bado kipo. Uzuri mwingine kaa na kambare hawaikimbilii kama wanavyokimbilia samaki. Machicha usiniletee, hayo tui limeshakamuliwa, hayana mafuta ya maana na yakiingia majini yanatawanyika, labda uyachanganye na kitu kingine.

Samaki pia anafanya kazi, tena anaita haraka kuliko nazi, lakini awe wa mafuta, vibua kwa mfano, vichwa na mifupa tu inatosha, huko sokoni vichwa utapewa kwa bei ya maneno mazuri. Samaki mweupe asiye na mafuta unapoteza wakati. Awe mbichi au wa jana, akishaoza mpaka anateleza mkononi kamba hamtaki sana, watakuja kaa. Ng'onda, yaani samaki mkavu wa chumvi, nayo sawa, haivunjiki upesi, iloweke kidogo chumvi itoke.

Matumbo ya kuku yanaita, sikatai, lakini yanaita kila mtu: kambare, mkunga, kenge, na Sabaki ina mamba na viboko, mimi kubeba kitu chenye damu nikashuka nacho ukingoni jioni hapana. Mtego wowote uuweke kungali na jua na uutoe jua likishatoka, na usisimame majini ukifunga chambo.

Kama huna hela, ponda dagaa, changanya na pumba za mahindi na ugali uliolala, finyanga tonge gumu kweli kweli, tia machicha yako humo kama umeng'ang'ana nayo. Tonge hili usiliache wazi, litayeyuka. Chukua chupa ya soda ya nusu lita, itoboe matundu kwa msumari wa moto, lishindilie ndani ufunge kizibo. Nazi na samaki unaweza kutia kwenye kipande cha ule mfuko wa neti wa vitunguu. Lakini neti ya mbu usithubutu! Zile neti zina dawa, na dawa inayoua mbu inaua kamba pia, tena vibaya, hawa ni ukoo mmoja na wadudu. Mikono yenye petroli au dawa ya kujipaka ya mbu ioshe kabla hujagusa chambo. Na utupa au sumu ya aina yoyote sizungumzii hata, ni hatia na mtu anakuja kumla huyo kamba.

Ukisogea karibu na mlangoni mwa mto mambo yanabadilika kidogo, maji yakijaa mkondo unarudi nyuma, kwa hivyo harufu inakwenda pande mbili, huko mgono wa midomo miwili ndo bora, na kaa ni wengi basi samaki ataliwa kabla ya kamba kufika, tia nazi. Mvua zikipiga huko juu na mto ukifura pumzika tu, harufu inasombwa na mgono nao utaufuata.

Asubuhi usikimbilie kuhesabu, angalia chambo kwanza. Kimekwisha na mtego mtupu, hao ni kaa au tundu ni kubwa. Kimedonolewa kingo na hamna kitu ndani, kamba waliingia wakatoka, rekebisha mdomo. Kikiwa kizima kama ulivyokiweka, hama mahali kabla hujabadilisha chambo. Na ukitaka kujua nazi na samaki kipi kinashinda pale kwako, weka migono miwili inayofanana ubavu kwa ubavu, usiku wa pili vibadilishane nafasi. Majike yenye mayai chini ya mkia yarudishe majini, hayo yanashuka kwenye maji ya chumvichumvi kwa sababu watoto wao hawakui kwenye maji baridi matupu.