Haibridi au dizeli? Kapime kwanza foleni yako

Kaka yangu ana gari la dizeli, injini ya lita 2.2. Mimi nina Harrier haibridi, yaani lina injini ya petroli na mota ya umeme. Ukubwa unakaribiana, na kwa miaka miwili tulibishana kila Jumapili kwa mama, Mbezi ya Dar es Salaam, gari la nani linakunywa kidogo. Yeye alisoma namba ya dashibodi, mimi nilishikilia namba iliyotangazwa Japani. Namba ile hupimwa ndani, gari likizungusha magurudumu juu ya roli. Huko hakuna foleni ya Kimara saa kumi na mbili asubuhi.

Basi tukapima wenyewe, na wewe fanya hivi. Nenda sheli, jaza tenki mpaka pampu ijikate mara ya kwanza, na hapohapo iishie. Mhudumu atakuambia, "Dada, niongeze ifike elfu tisini?" Kataa. Kale anakokashindilia ili namba ikae vizuri ndiko kanakoharibu hesabu, maana hujui mara ijayo atashindilia kiasi gani. Rudisha kihesabu safari kwenye sifuri, endesha kama siku zote, kiyoyozi ukiwasha kama unavyowasha. Tenki likishuka chini ya nusu, rudi sheli ileile, pampu ileile, ijikate tena, uandike lita zilizoingia. Gawa kilomita kwa lita. Upepo wa matairi uwe sawasawa kabla ya kuanza, na usitangaze mshindi kwa tenki moja. Sisi tulikwenda manne.

Daftari langu lina doa la chai na linasema hivi: Mbezi hadi Posta na kurudi, Harrier kilomita 15 kwa lita, dizeli 10. Safari ya Iringa, tumeongozana: Harrier 15, dizeli 16.

Mjini sababu iko mguuni. Ukikanyaga breki, mota ya haibridi inageuka jenereta na kurudisha kwenye betri nguvu ambayo kwa dizeli inaishia kuwa joto la breki. Mkisimama Ubungo, injini inazima. (Mjomba bado ananiuliza nachaji wapi. Sichaji popote, hili si la kuchomeka. Umeme wake wote chanzo chake ni petroli.) Lakini ukishapita Chalinze breki huigusi sana, injini ya petroli inabeba karibu kazi yote, na dizeli inaanza kutamba: inagandamiza hewa zaidi kabla ya kuchoma, na lita yake ina nishati nyingi kuliko lita ya petroli.

Lita peke yake haitoshi. EWURA, mamlaka inayodhibiti bei za mafuta nchini, hutangaza bei kikomo kila Jumatano ya kwanza ya mwezi. Chukua bei ya lita, gawa kwa kilomita zako za lita moja, upate shilingi kwa kilomita. Fanya upya kila bei zikibadilika, maana petroli na dizeli hupokezana kuwa juu.

Kwa mazingira hesabu inageuka kidogo, na hapa kaka alininunia. Lita ya dizeli ikiungua hutoa takriban kilo 2.7 za kaboni dayoksaidi, petroli kilo 2.3. Kwa hiyo mjini gari lake linatoa kama gramu 270 kwa kilomita, langu 153. Hata njia ya Iringa, alikonishinda kwa lita, yeye ni 169, mimi 153 zilezile.

Halafu kuna masizi. Dizeli za kisasa zina chujio kwenye ekzosi linalonasa masizi, kisha linayachoma lenyewe likipata joto la mwendo mrefu. Gari la kwenda Posta na kurudi kwa foleni halipati joto hilo. Taa ya chujio ikamwakia kaka, akapeleka gereji moja mjini, wakamshauri walitoboe lile chujio, "litapumua vizuri." Usikubali, hata kwa bei ya bure. Moshi wa dizeli uliwekwa na shirika la utafiti wa saratani la WHO, mwaka 2012, kwenye kundi la vitu vinavyosababisha saratani, na watakaouvuta kwanza ni walio nyuma yako kwenye bodaboda. Kaka aliendesha hadi Chalinze na kurudi bila kukimbizana, taa ikazima.

Haibridi nayo ina donda lake: betri kubwa. Kabla ya kulipia, ondoa macho yako kwenye injini uende kiti cha nyuma. Tafuta tundu la hewa la feni ya betri, umulike kwa simu. Langu lilikuwa limejaa vumbi na nywele za mbwa, na mbwa sina. Betri inayokosa hewa huchemka na kufa mapema. Kisha fundi achomeke mashine ya kupima, mwende mkiwa mmewasha kiyoyozi, mpande mlima, aangalie volti za kila bloku, yaani kila kipande cha betri. Zikipanda na kushuka pamoja, vizuri. Moja ikiporomoka peke yake, punguza bei au ondoka.

Kaka hakuuza dizeli yake, ana mbao za kufuata Iringa kila mwezi. Siku za kazi analiacha nyumbani, anapanda na mimi mpaka Posta na kuchangia mafuta kwa hesabu ya daftari. Anadai nimemzidishia kilomita mbili.